Kitabu cha safari cha mtumba na kitabu kimoja cha falsafa: mwongozo kamili wa kuvitumia bila kukwama njiani

Nimeulizwa hili jambo mara nyingi mno nikaona bora niliandike lote sehemu moja. Mtu ananunua kitabu cha mwongozo wa safari za bei nafuu, cha mtumba, anakibeba mpaka Kigoma au Mbeya, anafika gesti iliyoandikwa haipo, nauli imeshakuwa mara mbili, meli haitembei, basi anakitupa na kusema vitabu vimepitwa na wakati siku hizi ni simu tu. Mwingine ananunua kitabu cha falsafa kile chepesi cha visa na mafumbo, ili asome kwenye basi, anaishia ukurasa wa 12 na hakifungui tena.

Kosa lao ni moja. Wa kwanza amesoma kitabu cha safari kama ratiba ya treni, wa pili amesoma falsafa kama mtu anayejiandaa na mtihani. Vitabu hivi havisomwi hivo. Ngoja nioneshe namna, na mfano wangu utakuwa reli ya kati, Dar mpaka Kigoma, kwasababu ndio safari niliyoifanya na vitabu viwili tu kwenye begi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitabu cha mwongozo cha mtumba chenye nchi au mkoa unaokwenda, na ramani zake zote zipo
- Kitabu kimoja cha falsafa nyepesi, kimoja tu, kisizidi uzito wa simu mbili
- Peni nyekundu, peni ya kijani na penseli
- Daftari dogo la kukaa mfukoni
- Simu yenye salio la kupiga, sio bando peke yake
- Kitambulisho cha taifa

Penseli usiidharau. Peni inavuja kwenye joto na ukiandika treni inatikisika unaharibu ukurasa, penseli unafuta.

## Hatua ya 1: Nunua kwa kuangalia mwaka, achana na jalada

Kwa wanaopanga vitabu chini pale Posta Dar, au kwa wale wa inama bookshop Nairobi, wanaouza vitabu vya mtumba barabarani, fungua kurasa za mwanzo kabisa utafute ile yenye maandishi madogo ya haki miliki. Pale kuna mwaka na toleo la ngapi. Huo mwaka toa mmoja, maana waandishi wanazunguka kukusanya bei kabla kitabu hakijaenda mtamboni, kwahiyo kitabu cha 2014 beba bei zake kama za 2013.

Ukishanunua andika huo mwaka kwa peni kubwa kwenye jalada. Sababu ni kwamba ukiwa umechoka saa 4 usiku utasoma bei na utaiamini, macho lazima yakutane na mwaka kwanza.

Kitabu cha miaka 15 iliyopita bado kinafaa, hilo nasema kwa uhakika kabisa. Ila kagua ramani moja moja, kama za miji zimechanwa mrudishie muuzaji, kitabu cha safari bila ramani hakina kazi.

Na ukikuta mwenye kitabu wa kwanza ameandika andika pembeni, usikikwepe, hicho ndio cha kuchukua! Changu kwenye sehemu ya Tabora kilikuwa na neno la penseli pembeni ya gesti moja: maji asubuhi tu. Miaka mingi imepita, nimelala pale, na maji yalikuwa asubuhi tu.

Utajua umefanikiwa: una kitabu chenye mwaka umeandikwa juu na ramani ya kila mji utakaolala.

## Hatua ya 2: Tenga kinachooza na kisichooza

Hapa ndipo wengi wanapoanguka kwahiyo nitakaa kidogo.

Kaa nyumbani na zile peni mbili, pitia sura ya njia yako. Nyekundu pigia mstari bei, namba za simu, ratiba, masharti ya mpakani na majina ya gesti na migahawa. Kijani pigia umbali, majira ya mvua, mpangilio wa mji, adabu za mahali, na mfuatano wa vituo.

Nyekundu haimaanishi ni uongo, inamaanisha uliza kwanza. Angalia tu mambo yaliyobadilika: kitabu chochote cha kabla ya 2021 kitakupeleka stendi ya Ubungo ukapande basi la mkoani, wakati mabasi yameshahamia Stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis. Cha kabla ya 2024 hakijui kama kuna treni ya SGR ya kukufikisha Dodoma kwa masaa machache. Cha kabla ya 2017 kitakusifia treni ya usiku ya Nairobi kwenda Mombasa, ile ya reli ya zamani, na haipo tena. Cha kabla ya Juni 2019 hakitakuambia usiingie Tanzania na mfuko wa plastiki.

Kijani sasa. Dar mpaka Kigoma kwa reli ni kama kilomita 1,250, ilikuwa hivo na itabaki hivo. Masika bado ni Machi mpaka Mei, na mvua ikikolea reli na barabara zinaweza kukatika. Tabora bado ndipo njia inapogawanyika, moja Mwanza moja Kigoma, ukisinzia kwenye behewa sio lako unaamka upande mwingine wa nchi.

Alafu kuna kitu cha katikati ambacho watu hawakioni, na ndio kilichoniokoa mimi. Gesti ikifa, mtaa wake haufi. Gesti za bei nafuu huwa zinakaa pamoja, karibu na stesheni, stendi au soko, kwasababu wateja wake ni wale wale, wafanyabiashara wadogo wanaofika usiku na kuondoka alfajiri. Kwahiyo kitabu kikitaja gesti 3 kwenye mtaa mmoja, wewe usitafute gesti, tafuta mtaa.

Nilifika Kigoma usiku, nikaenda moja kwa moja nilipoelekezwa na kitabu, nakuta duka limefungwa, nje mifuko ya saruji imefunikwa turubai na mlinzi amekaa juu yake na redio. Nikamwambia shikamoo mzee, hapa si palikuwa na gesti? Akasema marahaba, ilikuwepo, mwenyewe alifariki watoto wakageuza duka, ila pita nyumba ya pili kushoto gonga geti kwa nguvu, yule mama anasikia kwa shida. Dakika 10 baadae nilikuwa na chumba, neti, na ndoo ya maji ya moto. Kitabu kilikosea jina la gesti, mtaa kilipatia.

Onyo: usipange kufika mji mgeni usiku na anuani moja tu. Weka mtaa wenye gesti angalau 3 kwenye kitabu.

Utajua umefanikiwa: ukifungua ukurasa wowote wa njia yako, kwa sekunde 2 unajua kipi cha kuuliza na kipi cha kutegemea.

## Hatua ya 3: Tafuta kizidishio chako cha bei

Watu wanasoma bei ya 2012 wanalalamika kitabu kinadanganya. Bei ya zamani ni kipimo, unatakiwa kuizidisha tu.

Chukua kitu kimoja unachokijua bei yake leo na ambacho kipo kwenye kitabu. Tuseme kitabu kinasema wali maharage kwa mama ntilie ni 1,500, na wewe leo unakula kwa 3,000. Gawanya, unapata 2. Hicho ndio kizidishio chako cha chakula. Kuku wa 4,000 kwenye kitabu, jiandae na 8,000.

Fanya hivo hivo kwa chumba na kwa nauli, kila kimoja na kizidishio chake, usitumie kimoja kwa vyote. Chakula kinafuata mvua na mafuta ya kula, chumba kinafuata mji unakua kiasi gani, nauli ya basi la mkoani ina ukomo unaopangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, kwahiyo inapanda kwa ngazi, inakaa muda mrefu alafu inaruka. Na soda usiitumie kupimia, bei yake inapangwa kiwandani, haikuambii kitu kuhusu maisha ya mji.

Kama kitabu kimeandika kwa dola kuna mtego mwingine. Mwaka 2010 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,400, mwaka 2024 ilipita 2,500. Chumba cha dola 10 kwenye kitabu cha 2010 kilikuwa ni chumba cha 14,000, usikibadilishe kwa dola ya leo ukaona ndio bei. Rudi kwenye shilingi ya mwaka ule kwanza, ndio uzidishe.

Ukimaliza jumlisha bajeti ya siku, ongeza robo yake, hiyo robo ikae mfuko tofauti.

Utajua umefanikiwa: siku ya pili ya safari bei unazokutana nazo ziko karibu na ulizoandika. Zikizidi sana piga kizidishio upya hapo hapo, sio ukirudi nyumbani.

## Hatua ya 4: Kumbuka kitabu hakikuandikiwa wewe

Vitabu hivi vingi vimeandikwa kwa ajili ya mgeni anayetoka Ulaya au Marekani. Hiyo sio sababu ya kuviacha, ila lazima ujue wapi pa kuruka.

Kiingilio cha hifadhi kilichoandikwa mara nyingi ni cha mgeni, kwa dola. Mtu anasoma kiingilio cha Gombe anafunga kitabu kwa huzuni, anasema hii sio ya kwetu, na mimi hili linaniuma sana kwasababu raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi kiasi kidogo mno ukilinganisha, anachotakiwa ni kitambulisho tu. Boti za Dar kwenda Zanzibar hivo hivo, bei ya raia na bei ya mgeni ni mbili tofauti. Na Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kati ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa, wakati ukurasa wa viza utawatisha bure.

Upande mwingine, kitabu kitakuonya usile chakula cha barabarani. Wewe unajua mwenyewe kuangalia sufuria linachemka au limepoa. Ruka hapo.

## Hatua ya 5: Piga simu 3 kabla ya kufunga begi

Sio 10, ni 3. Usafiri mkubwa wa safari nzima, chumba cha usiku wa kwanza, na kile kitu kimoja kinachokupeleka. Namba usizitoe kwenye kitabu, zitafute upya.

Ile ya tatu ndio watu wanaisahau. Wengi wanakwenda Kigoma kwa ajili ya meli kongwe ya MV Liemba, kitabu kimeisifia kurasa nzima, inashuka Ziwa Tanganyika mpaka Mpulungu Zambia. Mimi nilipofika ilikuwa imesimama haibebi abiria. Kama nisingepiga simu mapema ningekaa gatini na begi. Nilijua, kwahiyo nilikwenda kuiangalia tu, alafu nikashuka Ujiji kwa miguu.

Onyo: ukiambiwa "ipo tu, wewe njoo", hilo sio jibu. Uliza imetoka lini mara ya mwisho na itatoka lini tena.

## Hatua ya 6: Chagua kitabu cha falsafa kwa mtihani wa ukurasa mmoja

Hapa naomba usinunue kwa sababu ya jina kubwa. Fungua katikati, sio mwanzo, soma ukurasa mmoja umesimama hapo hapo kwa muuzaji. Je umepata swali ambalo ungetaka kumuuliza mtu aliyesimama karibu yako? Kama ndio, nunua. Kama umepata majina 6 ya Wagiriki na miaka yao, acha.

Sura ziwe fupi, kurasa 3 mpaka 5, uweze kumaliza moja kati ya kituo na kituo.

Na usidhani lazima kiwe cha kizungu. Hekaya za Abunuwasi ni falsafa tupu yenye kicheko ndani. Ile ya sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anarudisha na kisufuria kidogo anasema limezaa, jirani anapokea kwa furaha. Siku nyingine anaazima tena, anakuja kusema limekufa. Jirani anang'aka, sufuria linakufaje? Abunuwasi anamwambia uliamini linazaa, sasa amini limekufa. Soma hiyo alafu siku dalali stendi akikuambia ana tiketi ya nusu bei ya mwisho mwisho kwa ajili yako tu, jiulize kama umeshapokea kisufuria.

Kingine ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Chembamba, hakijazi begi, na kinahusu nchi inayoelea angani na wajumbe 6 waliotumwa pande zote, Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mambo mazuri waliyojifunza wakaishia kufungwa. Ukiwa na safari ya siku 6, mjumbe mmoja kila siku inatosha kabisa. Wengi tulikisoma shule kwa ajili ya mtihani tukakichukia, kisome tena ukiwa unatazama dirishani uone.

## Hatua ya 7: Swali moja kwa siku, na umuulize mtu

Usisome sura 2 kwa siku. Soma moja asubuhi, funga kitabu, andika swali lake kwenye daftari kwa maneno yako, tembea nalo. Sura ya pili inaifuta ya kwanza kichwani, ndio maana watu wanaishia ukurasa wa 12, wameshiba kabla ya njaa.

Siku yangu ya pili kwenye treni swali lilikuwa lile la zamani la meli: meli ikibadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka hakuna ubao wa mwanzo hata mmoja, ni meli ile ile au nyingine? Na kwenye kitabu cha safari nilikuwa nimetoka kusoma Liemba, kwamba ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande ikaungwa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini 1927 na jina jipya, baadae injini ya mvuke ikatolewa ikawekwa ya dizeli. Vitabu viwili vimekutana kwenye magoti yangu, daraja la tatu, kati ya Dodoma na Tabora.

Nikawauliza niliokaa nao. Kijana mmoja fundi magari wala hakufikiri mara mbili, akasema gari ni namba ya chesisi, injini unabadilisha unaandikisha kwenye kadi gari ni lile lile, chesisi ukibadilisha umenunua gari jingine, kwahiyo nitafutie chesisi ya hiyo meli kwanza. Mama wa Ujiji aliyekuwa anamenya chungwa akasema hapana. Nyumba yetu, anasema, udongo tunakandika upya, fito zililiwa na mchwa tukaweka nyingine, nyasi zikatoka likaja bati, mpaka mlango umehamia upande wa barabara, na watu wote bado wanasema twende kwa babu, na babu alishakufa. Nyumba ni ile wanayoiita watu. Fundi akasema sasa mama mimi nikibandika jina la gari jingine kwenye gari langu polisi wataniitaje, behewa zima likaingia, na tulifika Tabora bado haijaisha, watu wakanyamaza tu kwasababu wauza asali walikuwa wamefika madirishani.

Mazungumzo yale yasingetokea kwa kusoma sura 5 mfululizo na earphone masikioni.

Swali la punda nalo ni zuri kwa msafiri. Punda amewekwa katikati ya marundo 2 ya nyasi yaliyo sawa kabisa, hana sababu ya kuchagua moja, anakufa na njaa. Ukiwa na gesti 2 za bei sawa na umechoka, chagua ya kulia. Ndio kanuni yangu mpaka leo, inaokoa nusu saa ya kuzunguka na begi.

Onyo: usianzishe swali la dini wala la uchaguzi na watu utakaokaa nao karibu siku 2 kwenye behewa moja. Meli, punda, sufuria, vinatosha.

Utajua umefanikiwa: mwisho wa siku una swali moja na majibu angalau 2 ya watu tofauti kwenye daftari, na hujaamua nani yuko sahihi.

## Hatua ya 8: Andika pembeni alafu kitoe kitabu

Kila jioni dakika 10 na penseli. Kilichokufa kikate mstari mmoja, usikifute kabisa, maana atakayefuata anahitaji kujua nini kilikuwepo pale. Bei mpya iandike pembeni ya ile ya zamani ili mwingine apate kizidishio chake bila kuhangaika. Tarehe weka kila mara, neno lisilo na tarehe ndio linalompoteza mtu.

Kwenye kitabu cha falsafa usiandike maoni yako marefu, andika jibu la mtu uliyekutana nae na kazi yake. Fundi: chesisi. Mama wa Ujiji: wanavyoita watu. Inatosha.

Safari ikiisha usivirudishe kabatini. Mpe anayekwenda njia ile ile, au virudishe kwa wauza vitabu wa chini upate punguzo la kingine. Changu kilibaki Kigoma kwa kijana mmoja aliyekuwa anataka kuja Dar mara ya kwanza, na kwenye ukurasa wa mji wake nilikuwa nimeandika hivi: Agosti 2023, gesti hii sasa ni duka la saruji. Nyumba ya pili kushoto kuna vyumba. Gonga kwa nguvu.